Aliuliza Mara Moja

Kila asubuhi Soraya alifungua duka la baba yake, akafuta kaunta kwa kitambaa chenye maji, akapanga sabuni kwa rangi zake, kisha akageukia magunia na kuzungumza nayo Kiingereza. Gunia la mchele lilikuwa bwana mmoja wa Amerika. Gunia la chumvi lilikuwa mkewe. Nje, soko la Kasongo lilikuwa limekwisha kuamka: akina mama wa mafuta ya mawese wakiitana, pikipiki zikipiga honi, mbuzi wakilia. Katika vurugu hiyo hakuna aliyeweza kumsikia msichana ambaye, mbele za watu, alizungumza kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Habari za asubuhi, bwana," aliliambia gunia la mchele kwa Kiingereza. "Hujambo?"

"Sijambo," gunia likajibu kwa Kiingereza cha kujikwaa, kwa sauti nene. "Lakini mgongo unaniuma, mama ni mgonjwa, na njia ya Kabambare imeniua."

Soraya aliruka. Kopo la sukari likaanguka na kuviringika hadi mlangoni, likasimama kwenye kiatu chenye tope jekundu. Mwenye kiatu alikuwa kijana mrefu, shati la buluu limefungwa vifungo mpaka kooni, macho yamejaa kicheko alichokuwa akijaribu kukizuia.

"Unisamehe, dada," alisema, sasa kwa Kiswahili. "Nilikuja kununua sabuni. Nikasikia gunia linasalimiwa, linanyamaza. Nikaona aibu kwa niaba yake."

Soraya alivuta mtandio wake wa kijani hadi mdomoni. Alitaka kukimbilia stoo. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Umekosea."

"Nimekosea nini?"

"Mmarekani akikuuliza hali, unamwambia uko salama. Basi. Hataki habari ya mgongo."

"Hata kama unauma?"

"Hata kama unauma."

"Na mama?"

"Mama pia umuache nyumbani."

"Eee! Sasa wanaulizaka ya nini?"

Soraya akacheka, na kopo la sukari likabaki chini, wote wawili wamelisahau.

Aliitwa Iliasi, mtu wa Kabambare. Shirika la Wamarekani lilikuwa likichimba visima huko, nalo lilikuwa limemchukua kwa majaribio kama mkalimani. Kiingereza alijifunza redioni, kwa hiyo maneno alikuwa nayo mengi, ila adabu yake hakuijua. Siku ya kwanza alimuuliza mkuu wao, Madamu Rebecca, ana umri gani na kwa nini hajazaa. Madamu akawa mwekundu kama nyanya. Siku iliyofuata akamwambia amenenepa vizuri, na tangu hapo madamu hamsalimii.

"Wakinifukuza, kwetu tutalia," alisema. "Na wewe umesoma. Nifundishe kuongea nao."

Soraya alikuwa amemaliza Kiingereza katika chuo cha ualimu, darasa la mwalimu aliyeishi Amerika miaka mingi. Basi kila mara shirika lilipomtuma Iliasi Kasongo kuchukua vifaa, waliketi kwenye benchi mbele ya duka, mahali ambapo Mzee Bakari, baba yake, aliweza kuwaona vizuri na kujifanya hawaoni. Soraya akamfundisha kuanza mazungumzo na hali ya hewa, siyo na habari za watu wa nyumbani. Kutouliza umri, wala uzito, wala mtu anasali wapi. Kumtazama mtu machoni anapozungumza. Na akisifiwa, asikatae.

"Tujaribu," alisema Iliasi. "Soraya, kitenge chako kinakupendeza sana."

"Aa, hiki cha zamani."

"Kosa! Mwalimu ameanguka! Sema asante."

"Asante," alisema Soraya, akitazama miguu yake.

"Na macho?"

Akayainua. Ilikuwa vigumu kuyashusha tena.

Siku moja alimpa somo ambalo yeye mwenyewe alilipenda kuliko yote. "Ukienda kwao wakakuuliza kama utakula, usiseme hapana ukingoja wakubembeleze. Sahani itarudi jikoni."

"Hawaulizi mara ya pili? Hata mara ya tatu?"

"Kwao, kurudia ni kumsumbua mutu. Hapana yake ni hapana." Kisha, bila kufikiri, akaongeza, "Mimi naona ni vizuri. Mutu aseme anachotaka. Kama kwetu ingekuwa vile, tungepumzika."

Iliasi alimwangalia kwa muda mrefu. Hakutania.

Mvua za kwanza zilipoanza alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Soko lilikuwa limepungua, Mzee Bakari alikuwa msikitini. Hakukaa.

"Soraya. Unakubali nije kwa papa yako na wazee wangu?"

 Soraya alitaka kucheka na kulia pamoja. Lakini alikuwa binti wa Kasongo, na tangu utotoni alikuwa amewaona dada zake: msichana aliyelelewa hajibu ndiyo anapoulizwa mara ya kwanza. Anasema hapana, anageuza uso. Kijana anaondoka akitabasamu, anarudi, anauliza tena. Kurudi kwake ndiko kunakoonyesha kwamba anataka kweli.

"Hapana, Iliasi," alinong'ona, akageuza uso, akangoja.

 Matone yakapiga bati.

"Asante kwa kuniambia wazi," alisema Iliasi. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. Ilikuwa sentensi ambayo Soraya mwenyewe alimfundisha. Soraya alipogeuka, shati jeupe lilikuwa tayari kwenye pikipiki, likienda njia ya Kabambare chini ya mvua.

Akangoja arudi. Wiki ile hakurudi. Wiki iliyofuata, vifaa vya shirika vilichukuliwa na dereva mwingine. Soraya akaacha kuyasalimia magunia. Kisha simu ikalia.

"Hello, Soraya. Hali ya hewa iko namna gani huko Kasongo?"

Alisimama katikati ya duka. Hakuna mtu wa mkoa wa Maniema anayeanza hivyo. Watu huuliza papa, mama, watoto, nyumba. Alikuwa akizungumza naye kama mgeni aliyeweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mvua inanyesha," alijibu.

"Hapa pia."

"Na kazi?"

"Kazi iko muzuri. Madamu amefurahi. Anasema sasa najua kuongea na watu. Soraya, wanahama. Wanaenda Kalemie, kisha mbali zaidi. Wanataka niende nao. Kazi ya miaka. Alhamisi tunaondoka."

Hapo palikuwa na nafasi. Soraya aliisikia, pana kama mlango uliofunguliwa, na pumzi za Iliasi zikingoja upande wa pili. Sema, alijiambia. Sema sasa.

"Hongera," alisema.

"Asante," alisema Iliasi, na mtandao ukakata, au yeye alikata.

Shangazi yake Aicha alimkuta amekaa juu ya gunia la chumvi, simu mkononi, mtandio umelowa. Aicha alikuwa mfanyabiashara mwenye sauti ya kujaza soko, na hakuwa na subira na machozi yasiyo na maelezo. Alimtoa habari yote neno kwa neno.

"Ulimukatalia mara ngapi?"

"Moja."

"Na hakurudi?"

"Hakurudi, shangazi."

"Huyu kijana hakufundishwa na watu wake?"

"Ni mimi nilimufundisha," alisema Soraya. "Nilimwambia hapana ya mutu ni hapana. Nikamwambia mimi napenda watu wa kusema wazi."

Aicha akaketi juu ya gunia la mchele. "Usomi wako wote wa chuo," alisema, "na haukuona hii inakuja?"

"Nimpigie tena?"

"Rezo ya simu ya Kabambare iko ya kuchezea watu. Na wewe kwenye simu unasemaka nini? Hongera! Kesho nakwenda kutafuta mchele kule. Utafute viatu vya tope."

"Papa hatakubali."

"Papa yako ni kaka yangu mudogo. Atakubali."

Waliondoka Jumatano kwa pikipiki mbili, zimefungwa mifuko ya chumvi. Soraya alikuwa amevaa kitenge cha manjano, kile kizuri, na kabla ya kufika kijiji cha Wamaza kilikuwa kahawia hadi magotini. Daraja la magogo lilikuwa limesogezwa na maji, madereva wakashusha mizigo na kuzivusha pikipiki kwa mabega huku mto ukivuma chini. Mbele kidogo lori lilikuwa limezama katikati ya njia, na watu wa lori walikuwa wamekwisha kuwasha moto na kupika, kama wenyeji. Walilala Wamaza kwa jamaa za Aicha. Soraya hakula. Alfajiri alikuwa wa kwanza kusimama karibu na pikipiki.

"Wakiwa wamekwisha kuondoka?" aliuliza.

"Basi utakuwa umeona Kabambare," alisema Aicha. Lakini alimwambia dereva aongeze mwendo.

Magari ya shirika yalikuwa bado uani, injini zikinguruma, vijana wakifunga turubai. Iliasi alikuwa amesimama kando ya gari la mbele, begi begani, shati la buluu vifungo hadi kooni. Alipomwona, uso wake ulifunguka wote, kisha akaufunga tena kwa adabu.

"Soraya. Safari ilikuwa nzuri?"

"Nzuri," alisema, tope likimdondoka.

Madamu Rebecca, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, alikuja na chupa ya chai na sahani ya mandazi. Alimwangalia msichana huyu aliyetapakaa tope, akamuuliza kwa Kiingereza, kwa upole wa kweli, kama angependa kula kitu.

"Hapana, asante," alisema Soraya. Lilimtoka lenyewe.

Madamu akatabasamu, akafunika sahani, akampa dereva. Nyuma yake Aicha alipiga makofi ya masikitiko.

Iliasi alikuwa ameona yote. Aliona macho ya Soraya yakifuata mandazi. Kitu kikatikisika usoni mwake.

"Uko na njaa," alisema polepole.

"Iko kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Akaitazama ile sahani, akamtazama yeye, na Soraya akaona wazo likimjia, likisita, likiogopa. Midomo ya Iliasi ilifunguka. Niulize, alisali moyoni. Niulize tena, mara moja tu. Lakini Iliasi alitikisa kichwa.

"Sitaki kukusumbua," alisema. "Ulinijibu. Nilikuheshimu, na nitaendelea kukuheshimu. Hata kama nitafika Kalemie bila kulala."

Gari la mbele likapiga honi. Madamu Rebecca, mguu mmoja tayari garini, aliwatazama wote wawili, akauliza kama kila kitu kiko sawa.

"Kila kitu kiko sawa, asante," alijibu Iliasi kwa Kiingereza, haraka, vizuri, kama alivyofundishwa.

"Hapana," alisema Soraya.

Alisema kwa Kiingereza, na kwa sauti ambayo hakuijua. Vijana wa turubai waligeuka. Dereva aliacha kutafuna. Madamu alirudisha mguu chini. Iliasi alishusha begi begani bila kulitazama, likaanguka kwenye tope, naye hakuliokota.

Soraya alihisi shingo yake ikitaka kuinama, kama ilivyoinama maisha yake yote. Akaishikilia. Aliinua macho hadi yakakutana na ya Iliasi, akayaacha hapo, mbele ya shangazi, mbele ya Wamarekani, mbele ya Kabambare nzima.

"Hakuna kilicho sawa," alisema, sasa kwa Kiswahili. "Siku ile nilisema hapana kwa sababu wasichana wa kwetu wanasemaka vile, halafu nikasimama pale kwa duka nikikungoja urudi uniulize. Nimekungoja mpaka nimechoka. Usiniulize tena, Iliasi, nakwambia mwenyewe. Nakupenda. Nataka uje kwa papa."