Mataji Yaliyotoka Ardhini

Simela alikuwa anashuka, Iordanis alikuwa anapanda, na kati yao palikuwa na ukingo wa chuma ambao hata mtoto angeuruka.

Ngazi za umeme za stesheni ya Venizelu zilikuwa zimefurika watu. Metro ilikuwa imefunguliwa Jumamosi. Kwa miaka mingi, mtu wa Thesaloniki akitaka kusema jambo halitatokea kamwe, alisema litatokea metro ikifunguliwa. Sasa ilikuwa imefunguliwa, na mji mzima ulikuwa umehamia chini ya ardhi kuhakikisha. Mabibi walifanya ishara ya msalaba kabla ya kukanyaga ngazi zile zinazotembea. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alimwambia kila aliyempita, "Nilisema nitakufa haijafunguliwa! Mnaniona? Niko hai!"

Simela hakucheka. Alivaa koti jeusi lililomfikia miguuni, nywele zimelowa mvua na kumgandia shingoni, viatu vimejaa udongo mwekundu. Kifuani alikumbatia mfuko wa nailoni wa kubebea mboga, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Simela!"

Alimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Iordanis alikuwa na koti lake lile lile la ngozi lililochubuka viwikoni, ila ndevu zilikuwa zimeanza kuota mvi. Ngazi zilimpandisha juu, zikamteremsha Simela chini, wakapishana uso kwa uso kama picha mbili ukutani.

"Ngoja hapo chini! Nakuja!"

"Nisipongoja?"

Iordanis aligeuka, akaanza kukimbia kushuka kwenye ngazi zinazopanda, akiwapiga vikumbo waungwana na mabibi zao.

"We bwana, umelewa?"

"Mwacheni, kamwona mpenzi wake."

"Mbio hizi? Labda kamwona mama mkwe huko juu!"

Watu wakaangua kicheko. Akafika chini akihema, jasho limemtoka, na Simela alikuwa amesimama pale pale, kando ya kioo, akiitazama barabara ya marumaru ya kale waliyoichimbua wakati wa ujenzi. Mawe yake yaling'aa chini ya taa. Magari ya farasi ya watu waliokufa zamani yalikuwa yameacha michirizi juu yake.

"Bado unakimbia vibaya," Simela alisema.

"Na wewe bado unangoja vizuri."

"Usijisifu. Mvua ndiyo imeniingiza humu."

"Mimi nimekuja kila siku tangu Jumamosi. Nilijua iko siku utakuja kuliona shimo lililolila duka lenu." Alikohoa. "Umependeza, macho yangu."

"Usiniite macho yako. Miaka mitatu macho yako yalikuwa wapi?"

"Uliniambia nisikupigie simu."

"Nilikwambia usinipigie usiku ule, Iordanis! Usiku ule! Nani alikwambia miaka mitatu?"

Hapo simu ya Simela ikalia mfukoni. Aliitazama, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Nani?"

"Mama."

"Mbona hupokei?"

Simela aliuhamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. Kitu ndani yake kikagongana, chuma kwa chuma.

"Leo tumemfukua baba," alisema.

Iordanis alijishika kichwani kama anayevua kofia, ingawa hakuwa nayo. "Mungu amrehemu. Nilijua wakati umefika, sikujua ni leo." Kisha akauliza swali ambalo kila mtu wa mji ule huuliza miaka mitatu ikitimia na mifupa ya marehemu ikifukuliwa, kama ilivyo desturi. "Ametokaje?"

Simela aliyatazama marumaru.

Juu ya vichwa vyao, hatua chache tu kutoka mlango wa stesheni, ndipo lilipokuwa duka la mzee Prodromos, fundi wa mataji ya harusi. Alitengeneza kwa waya wa fedha na maua ya nta, mawili mawili, yakiunganishwa kwa utepe mmoja, na nusu ya wanandoa wa mtaa ule walivishwa vichwani kazi ya mikono yake. Kisha wakaja wachimbaji, wakasimamisha uzio wa mabati mbele ya dirisha lake, karibu sana hata bibi harusi mnene asingepita. Wateja walipotea. Jua nalo likapotea. Iordanis alikuwa mmoja wa vibarua wa shimo. Siku moja aliingia dukani na buti za matope kuomba maji.

"Umetoa nini leo huko chini?" mzee Prodromos alimuuliza. "Mfalme au sufuria?"

"Sufuria, mzee. Wafalme tunawaachia kesho."

Simela alicheka nyuma ya meza, na kicheko kile kilimrudisha Iordanis kesho yake, na kesho yake tena. Buti zikawa zinavuliwa mlangoni. Mzee alimpenda. Alipoulizwa binti ataolewa lini alijibu, "Metro ikifunguliwa!" lakini jioni, nyuma ya duka, alikuwa akisuka mataji ambayo hakumwonyesha mtu yeyote isipokuwa Simela.

Moyo wa mzee ulisimama wakati wa korona. Alifia hospitali, wakamfunga nailoni kama walivyowafunga wote siku zile, wakaruhusu ndugu wachache na wakaharakisha. Bi Evlampia, mjane, alitaka jambo moja tu: mumewe azikwe na mataji ya ndoa yao, yaliyotundikwa dukani kwenye kisanduku cha kioo. Simela alimpigia Iordanis simu akayachukue. Duka lilikuwa giza kwa sababu ya mabati, na umeme ulikuwa umekatwa. Vilikuwapo visanduku viwili. Iordanis alipapasa, akachukua kimoja, akakimbia, akakiweka mwenyewe miguuni pa marehemu, na jeneza likafungwa.

Siku ya tisa, Simela alikwenda kulifagia duka. Mataji ya wazazi wake yalikuwa bado ukutani. Yake na Iordanis ndiyo yaliyokuwa kaburini.

Bi Evlampia alipiga yowe lililosikika ghorofa zote. Mtu amewazika bwana na bibi harusi wakiwa hai! Akamwapisha binti yake mbele ya picha ya Mama wa Mungu: hakuna harusi mpaka mifupa ifukuliwe. Mifupa ikitoka safi, ya manjano kama nta, basi marehemu amesamehe na mataji yamefunguliwa. Ardhi ikimkataa, akatoka mzima kama alivyoingia, basi imekwisha. Na Simela, kwa uchungu wa siku zile, aliapa. Usiku ule ule akampigia Iordanis: "Umeizika ndoa yetu kwa mikono yako. Usinipigie."

Sasa Simela alikuwa amesimama mbele yake, na mfuko mkononi.

"Simela. Ametokaje?"

"Hakutoka." Simela alitikisa kichwa. "Mchimba kaburi alifungua, akatazama, akafunga. Nailoni haikuoza. Baba yuko vile vile, Iordanis, hata vidole. Mpaka ndevu zake nimeziona. Padri alimwaga mvinyo wote wa kuoshea mifupa chini kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuosha. Wamempeleka shimo lingine, akangoje tena." Akauinua mfuko. "Hiki ndicho nilichopewa. Nyumbani hakiingii, jalalani sikitupi. Nikaja hapa. Nilitaka alichokisuka baba kiione metro ikiwa wazi, hata kama yeye hakuiona."

Iordanis aliegemea kioo. Treni iliingia, ikamwaga watu, ikameza wengine, ikaondoka.

"Ni nailoni," alisema. "Mtu aliyefungwa vile haozi. Huna laana, mimi sina laana. Ni nailoni tu!"

"Najua."

"Mama yako anajua?"

"Mama alikataa kwenda, nyonga imemshika. Amekaa karibu na simu. Ameshachemsha ngano ya sadaka ya marehemu."

Simu ikalia tena. Wote wawili waliitazama. Ikanyamaza.

Iordanis alisogea karibu, akateremsha sauti. "Nani mwingine alikuwapo?"

"Padri na mchimba kaburi."

"Basi mwambie ametoka safi."

Simela aliinua macho kutoka kwenye mfuko.

"Mwambie manjano kama nta, roho yangu. Neno moja. Atalia, atashukuru, na Jumapili nakuja na maua. Nani amedhulumiwa?"

"Na akisema nimpeleke akalibusu fuvu la mumewe? Nitampa la nani?" Alionyesha marumaru kwa kidevu. "Wewe ulitoa wafu wengi hapa. Niazime mmoja."

"Simela..."

"Nasema kweli. Chagua mwenye meno mazuri, mama anapenda meno."

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mama mmoja aliyepita na kapu la karanga akageuza shingo. Iordanis aliuchukua mfuko mikononi mwake, akaufungua, akatoa taji moja. Fedha ilikuwa nyeusi. Nta ilikuwa imepondeka, ikachanganyika na udongo, na utepe uliounganisha mataji mawili ulikuwa umekatika, umebaki uzi. Akapiga goti pale pale, katikati ya wapita njia, akamnyooshea.

"Basi nivishe."

"Simama, watu wanatutazama."

"Acha watazame. Mzee Prodromos alilisuka kwa kichwa changu. Nivishe lilivyo, na udongo wake."

"Ptu! Ptu! Ptu!" Mama wa karanga alikuwa amerudi, akijitemea kifuani kufukuza balaa. "Binti, mbona hicho kinanuka kaburi? Usimvishe mtu hai, Mama wa Mungu atuepushe!"

"Mama, endelea na safari yako," Iordanis alisema.

"Siendi! Binti mzuri kama huyu, anashawishiwa na chizi!"

Simela alilishika taji. Alilipeleka juu ya kichwa cha Iordanis, akaziona mvi zake, akaiona shingo aliyokuwa akiilalia, na mkono ukasimama hewani. Hakuweza. Uongo kwa mama hakuuweza, na hili pia hakuliweza.

Simu ikalia mara ya tatu. Akapokea.

"Mama."

"Unataka kuniua? Nimefukiza ubani tangu asubuhi! Mifupa ya baba yako rangi gani?"

"Hakuna mifupa, mama."

"Hakuna vipi?"

"Baba yuko kama tulivyomlaza. Wamemfukia tena."

Ikaja sauti ndogo, kama maji yanayoanza kuchemka. "Nilijua. Nilijua. Ardhi imesema."

"Ardhi haikusema kitu. Walimfunga nailoni, nimeiona kwa macho yangu."

"Uliapa, Simela! Mbele ya Mama wa Mungu uliapa!"

"Niliapa. Na leo navunja. Dhambi ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Baba nitamwashia taa kila Jumamosi, huko walikompeleka. Lakini aliyezikwa ni yeye, mama. Siyo mimi."

Mama wa karanga alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Hata Iordanis alikuwa hajainuka.

"Yuko hapo?" Bi Evlampia aliuliza.

"Yuko."

"Mwambie shimo lililoua duka nilimsamehe. Jeneza sikumsamehe."

"Utamwambia mwenyewe. Tunakuja."

"Ukija naye sifungui."

"Basi tutakaa kwenye ngazi."

Simu ikakatwa. Simela aliliweka taji kwenye kiganja cha Iordanis, akachukua la pili mfukoni.

"Shika lako. Usilivae. Shika tu."

"Mpaka lini?"

"Usiniulize lini. Mji huu umenichosha na lini."

Walipanda treni ya kwenda upande wa Tumba. Haikuwa na dereva, na watoto waliwasukuma wapate kusimama kwenye kioo cha mbele, waone giza likija. Katika mwanga wa taa za handaki, Simela aliona Iordanis akifuta udongo kwenye waya wa fedha kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyozoea kufuta vitu vya shimoni, asije akavunja.

Jioni ilikuwa imeingia walipofika. Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa umefungwa, na harufu ya ubani na ngano iliyochemshwa ilipita chini yake. Simela alibisha.

"Mama, ni mimi."

Kimya.

"Bi Evlampia," Iordanis alisema. "Palikuwa na giza. Sikuona. Nisamehe."

Jirani alichungulia, akafunga mlango wake. Wakakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, bega kwa bega, jiwe la baridi chini yao, kila mmoja na taji lake jeusi magotini. Taa ya ngazi ilizimika yenyewe. Hakuna aliyeinuka kuiwasha.

"Atafungua?" Iordanis alinong'ona.

"Sijui."

Simela alikilaza kichwa chake kwenye ngozi iliyochubuka ya koti lile. Ndani walisikia hatua za mtu mwenye nyonga mbovu, polepole, zikija. Zikafika mlangoni. Kitasa hakikuguswa. Ila kiti kiliburutwa sakafuni, kikasimama upande wa pili wa mbao, na Bi Evlampia naye akaketi.