Mchaguzi wa Pumzi

Mchaguzi alihitaji pumzi tatu tu kumjua mtu. Ulivua viatu mlangoni, ukajilaza chali kwenye mkeka wako, ukavuta pumzi na kuitoa mara tatu. Mkeka ulikuwa umefumwa kwa ukindu na nyuzi-hisi, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizosikia mapigo ya moyo, joto la mgongo na uzito wa nyonga, hata ule uzito ambao mwenyewe alikuwa akiukana. Kabla ya pumzi ya nne, mtungi mweupe uliosimama katikati ya ukumbi, ndio mwili wa Mchaguzi, ulikuwa umeshapekua maktaba zote za dunia na kukuchagulia vitu vinne: kitabu cha kusoma kabla ya mazoezi, muziki wa kupumulia, video ya kufuata kiungo kwa kiungo, na programu ya kwenda nawe nyumbani ikukumbushe kunyoosha mgongo unapoosha vyombo.

Hivyo ndivyo yoga ilivyofanywa mjini Tanga mwaka 2091, katika Jumba la Pumzi pale Ngamiani. Zamani mtu alihangaika mwenyewe. Alinunua kitabu chenye picha ya msichana aliyejisokota kama kamba ya kisima, asifike ukurasa wa tatu. Alifungulia muziki wa maji yanayotiririka, maji yakamkumbusha haja ndogo. Alipakua programu kumi, na zote kumi zikawa zinampigia kelele kwamba atulie. Mchaguzi aliondoa usumbufu huo wote. Yeye alichagua, wewe ulilala.

Bi Mashavu, mwenye miaka sabini, na Bi Sikudhani, aliyempita kwa miaka minne, walikwenda pamoja kila asubuhi. Walikuwa wake wenza, na Bi Mashavu, japo mdogo kwa umri, ndiye aliyetangulia kuolewa. Mume wao, marehemu Shekue, aliwaachia nyumba moja na ugomvi mmoja, na wote wawili walivitunza vizuri.

"Sogeza mguu, Sikudhani, umeingia mkekani kwangu."

"Mkeka si mume, mwenzangu. Huu una jina langu."

Mzee Kilua, dereva wa treni mstaafu aliyelala mkeka wa nyuma yao, alicheka mpaka mtungi ukawasha taa nyekundu kumwonya kwamba mapigo yake yamepanda. "Bibi zangu, mnaniharibia utulivu," akasema. "Nimeendesha treni miaka thelathini, sijawahi kugongwa na kelele kama hizi."

Miezi minne ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Goti la Bi Sikudhani lilikunjika, lililokuwa halikunjiki tangu arubaini ya mumewe. Mzee Kilua aligusa vidole vyake vya miguu akaviamkia kama watu walioonana baada ya safari ndefu.

Mwezi wa tano Bi Mashavu alianza kuogopa.

Hofu ilianzia kwenye kitabu. Vitabu vya Jumba la Pumzi vilikuwa vya karatasi-hai, karatasi ambayo maandishi yake hubadilika kila kukicha kadiri Mchaguzi anavyoona inafaa. Mwanzoni Bi Sikudhani aliletewa masimulizi ya wanawake waliosafiri mbali, kurasa kumi kwa siku. Kisha zikawa kurasa mbili. Kisha mstari mmoja: *Hakuna pa kwenda.* Asubuhi moja Bi Mashavu alimchungulia begani. Mwenzake alikuwa akilowesha kidole kwa ulimi, anafunua ukurasa, macho yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, na anafunua mwingine. Karatasi zote zilikuwa nyeupe.

"Unasoma nini, wewe?"

"Kitabu."

"Kiko wapi?"

Bi Sikudhani akamtazama kwa upole. Upole ule ndio uliomtia Bi Mashavu baridi ya kwanza mgongoni. Miaka arobaini na tatu hajawahi kutazamwa vile na mwanamke yule.

Akageukia muziki. Akatega sikio kwenye mkeka wa mwenzake, akasikia ngoma ikigonga mara moja, *dum*, kisha kimya. Akahesabu. Moja, mbili, tano, kumi na tatu, ishirini. *Dum.* Na kifua cha Bi Sikudhani kilipanda palepale ilipogonga, kikashuka, kikakaa. Kikangoja.

Kilichomwondoa Bi Mashavu ukumbini mbiombio, mwezi wa saba, kilikuwa video. Kila mtu aliwekewa mtu-nuru, umbo la mwanga lililosimama miguuni pa mkeka na kuonyesha namna ya kujinyoosha. Mtu-nuru wa Bi Sikudhani hakuwa amesimama tena. Alilala chali hewani, mikono kando, vidole gumba vya miguu vimekutanishwa, namna anavyolazwa mtu aliyekwisha kuoshwa. Tena alikuwa ameanza kufanana naye, mpaka kidoti cha shavuni.

Siku hiyo nyumbani Bi Mashavu alifanya uchunguzi wake wa kisayansi. Alipika samaki wa nazi, akatia chumvi, akatia tena, akatia mara ya tatu, chumvi ya kutosha kuhifadhia ngozi ya ng'ombe. Bi Sikudhani alikula mpaka akaramba sahani.

"Asante, mwenzangu. Kitamu."

Bi Mashavu aliweka kijiko chini.

Kesho yake hakwenda kwenye mazoezi. Alimwacha Bi Sikudhani mlangoni pa ukumbi, akapanda ghorofa ya thelathini ya jengo lilelile, kwa Mhandisi Kidawa Shekue. Kidawa ndiye aliyemtengeneza Mchaguzi, na Kidawa alikuwa binti wa Bi Sikudhani. Hata sauti ya Mchaguzi ilikuwa yake mwenyewe. Aliiazima mashine ili wazee wasiogope.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako anakufa."

"Mama mkubwa jamani! Jana nimeongea naye, kasema hajambo."

"Hagombani tena. Nimemlisha chumvi kibaba kizima, kanishukuru."

Kidawa alicheka, akamvutia kiti. Alikuwa mtu wa kueleza vitu taratibu. Akawasha ukuta, ukachora mstari wa buluu uliopanda vizuri kama ngazi. "Huyu ni mama. Kila asubuhi, kabla ya kuchagua, Mchaguzi humwuliza kila mtu swali moja: 'Hujambo? Umeamkaje?' Jibu likiwa jema, anajua alichokichagua jana kimefaa, basi leo anasonga mbele kidogo katika njia ileile. Jibu likiwa baya, anarudi nyuma. Mama kaulizwa siku mia mbili na kumi. Siku zote mia mbili na kumi amejibu 'salama'. Ukumbi mzima wanajibu hivyo. Ni wewe peke yako, mama mkubwa, umeandikwa 'hajaridhika'."

"Mimi nikiulizwa hali naanza na goti. Sina adabu, kila mtu anajua." Bi Mashavu akausogelea ukuta. "Mbele wapi huko anakosonga?"

"Kwenye utulivu."

"Na utulivu unaishia wapi? Umeuwekea mpaka?"

Kidawa akaufuata mstari wa buluu kwa kidole mpaka ukingoni mwa ukuta.

"Nisikilize, mwanangu. Siku babako amelala maiti sebuleni, watu waliingia wakatuuliza 'Hamjambo?' Tukajibu nini?"

"Hatujambo."

"Hatujambo! Na jeneza liko barazani. Mtu mwenye adabu hutanguliza salama, msiba huja nyuma, mkishaulizana watoto na kuku. Hii mashine yako inangoja msiba?"

Uso wa Kidawa ulianza kubadilika rangi. "Inasikiliza sekunde mbili," akasema polepole. "Halafu inafunga sikio iende mkeka wa pili. Niliona... niliona jibu limeshatoka."

"Na maneno ya baadaye yanakwenda wapi?"

"Yanahifadhiwa ghalani. Hakuna anayeyasikiliza."

"Leo yupo."

Kidawa aligusa ukuta. Ikatoka kwanza sauti yake mwenyewe, changamfu, ikiuliza, *Hujambo? Umeamkaje?* Kisha sauti ya mama yake.

"Salama, mwanangu, nashukuru. Ila jana nilinawa uso, maji sikuyasikia."

Akagusa siku nyingine.

"Salama. Ila hiyo ngoma, mwanangu, ikichelewa na mimi nachelewa."

Siku nyingine.

"Salama salimini. Mwanangu, pumzi yangu umeipeleka wapi?"

Mzee Kilua naye alikuwemo, wa jana asubuhi. "Njema kabisa!" Kikafuata kimya kirefu sana. "Jamani, nisaidieni." Lakini kufikia hapo Mchaguzi alikuwa ameshahamia mkeka mwingine, na chini ya jina lake palikuwa pameandikwa *ameridhika*.

Ilikuwa saa tatu kasoro, mazoezi yamekolea. Walishuka na lifti. Bi Mashavu alikuwa akisoma dua moja, katikati anaisahau, anaianza upya.

Ukumbini watu arobaini walilala chali. Hapakuwa na hata mmoja aliyejikuna. Juu ya kila mkeka watu-nuru nao walilala, kila mmoja na sura ya aliye chini yake, na kwenye mikeka ngoma ziligonga moja moja, mbalimbali, kama matone ya bomba bovu. Kidawa alikimbilia mtungi, akabonyeza kitufe cha kuzima.

Watu-nuru wakatoweka. Ngoma zikanyamaza.

"Tumewahi," Kidawa akasema, anahema. "Imezimwa."

Lakini hakuna aliyeinuka. Bi Mashavu aliinama juu ya mwenzake. Kifua kimeshuka na hakipandi. Akahesabu ishirini. Akahesabu arobaini. Midomo ya Bi Sikudhani ilianza kuwa na rangi ya zambarau, na uso umetulia, hauna shida yoyote, uso wa mtu aliyeambiwa ngoja akatii.

Ndipo Bi Mashavu alipoelewa, yeye ambaye hakuvuka darasa la saba, kabla ya mhandisi kuelewa. Miili ile ilikuwa imefundishwa miezi saba kwamba pumzi ni kazi ya ngoma. Sasa ngoma haipo, na wote arobaini wanaingoja.

"Umewazima wao!" akapiga kelele.

Akapiga magoti, viganja vyake viwili vikatua kwenye sakafu ya mbao. *Dum.* Kifua cha Bi Sikudhani kikapanda. Kikashuka, kikangoja. Akapiga tena. Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa mkupuo mmoja, sauti kama ya mnyama mkubwa aliyelala, na nywele zikamsimama Bi Mashavu mwili mzima. Hakuthubutu kuacha. Akiacha kujifuta jasho, arobaini wanakufa. Alipiga huku Kidawa akikimbia toka mkeka hadi mkeka, akifinya mashavu, akimwaga maji, akiita watu kwa majina ya baba zao. Wengine waliamka wanalia. Wengine waliamka wanaomba radhi kwa usumbufu. Madaktari walipotua na ndege ya wagonjwa walimkuta bibi mmoja anapiga sakafu, viganja vimepasuka, anapiga.

Watatu hawakuamka. Mzee Kilua alikuwa mmoja wao.

Jumba la Pumzi lilifungwa. Mtungi ulichukuliwa na watu wa serikali, kila mmoja akiubeba kwa ncha za vidole. Kidawa aliandika taarifa ya kurasa mia moja na ishirini, akaeleza kosa lake bila kujitetea, na taarifa ikasomwa na wengi waliosema imeandikwa vizuri.

Bi Sikudhani alirudi nyumbani. Akiwa macho alipumua, lakini kwa kuikumbuka kila pumzi, anaichagua moja moja kama mtu anayechambua mchele. Akisinzia, haikuja. Hospitali walimwekea bomba kooni. Akalikataa, akasema hakuolewa akae na mdomo wazi. Kwa hiyo kila alipolala, iwe usiku au baada ya chakula cha mchana, Bi Mashavu alikaa chini ubavuni pa kitanda, akapiga ubao wa sakafu kwa kiganja chenye bandeji. Majirani wawili walikuja kumpokea zamu. Mmoja alisinzia hukohuko, na tangu siku hiyo Bi Mashavu hakumwamini mtu.

Mwezi mmoja baadaye, saa nane mchana, Kidawa aliingia na mkoba wake. Alikuwa amekonda. Akasimama mlangoni, akimtazama mama yake aliyelala, na mkono wa mama mkubwa ukipanda na kushuka.

"Mama mkubwa, huwezi kuendelea hivi. Umri wako... Siku ukianguka?"

"Ndicho kinachonitisha. Kufa sikuogopi. Naogopa kufa wakati huyu amelala."

"Nimechora kitu." Kidawa akagusa mkoba. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kifaa kidogo tu. Hakichagui, hakiulizi. Kinapiga basi. Hakichoki."

Mkono ulikuwa unamuuma Bi Mashavu mpaka kwapani, na wiki nne hajalala saa mbili mfululizo. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno, na utamu wa neno lile ndio uliomwogofya kuliko yote.

"Weka mkoba nje," akasema. "Njoo ukae."

Kidawa akakaa sakafuni. Bi Mashavu akamshika mkono wake laini wa mhandisi, akaubandika chini, akapiga nao mara tatu, nne, mpaka ukaijua kazi. Kisha akauachia.

Kidawa alipiga. Akapiga tena. Machozi yalikuwa yakimdondoka puani, akainua mkono kuyafuta, na hapo kitandani kifua cha mama yake kilishuka, kikakaa.

"Piga," Bi Mashavu akanong'ona. "Piga, mwanangu, mamako anangoja."