Mkeka Ulioburutwa

Bisha! Nakupa ruhusa. Wenye vyeti walibisha, halafu hakuna aliyekubali kulala kwetu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini tofauti ya kuota na kutoka mwilini nitakufundisha kabla kakao yako haijapoa.

Shangazi yangu Lagi, mjane, alikuwa fundi wa kuota. Akiwa ndotoni alijua ni ndoto, basi anaamuru: marehemu mumewe Sakaria atoke kaburini pale mbele ya nyumba, acheke, aombe talo, yale magimbi yetu. Sakaria anatii. Akiamka, mkeka upande wa mumewe ni baridi vilevile.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, tumekula, kijiji kizima kimelala usingizi wa shibe, Shangazi akanivuta sikio.

"Manu, wiki iliyopita nilitoka."

"Kwenda wapi, Shangazi? Umepata mchumba?"

"Mjinga wewe! Nilijiona nimelala, mdomo wazi. Nikamwita Sakaria, kimya. Nikamwamuru jogoo anyamaze, akawika. Ile si ndoto, Manu, huko huwezi kuamuru kitu. Na kando ya mwili wangu kulikuwa na mwanamke, ananuka tope la mikoko, ananipaka mafuta nywele kana kwamba ni zake."

"Basi usitoke tena!"

"Huyu Sakaria wa ndotoni namtunga mwenyewe. Nimechoka kujijibu. Huko nje labda nitamwona Sakaria wa kweli."

Akalala. Nikabaki macho peke yangu kijiji kizima, hata mbwa hawabweki. Mvua ikaja kutoka baharini, na nyumba yetu ni nguzo tupu, haina kuta. Nikafanya kama tulivyolelewa: nikaburuta mkeka wake hadi katikati, nikashusha pazia za makuti pande zote.

Ndipo nikasikia nyayo juu ya mawe, zinazunguka nyumba, zinazunguka tena kwa haraka, vidole vinapapasa makuti pale palipokuwa wazi, na mkekani kifua cha Shangazi kikasimama, harufu ya tope ikajaa, kisha kifua kikapanda tena na macho yakafunguka, yakatazama nguzo moja moja kama mgeni anayekagua nyumba aliyopewa.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

Nilipiga kelele hadi kijiji kizima kikaamka. Mganga Fuatino akaja na majani, akapandisha pazia, akachapa nayo huku na huku, akafoka, "Toka, jini! Hapa si kwako!" Harufu ikafa. Shangazi akaketi, akaomba supu. Amepona! Sasa anacheka, ananenepa, na kaburi la Sakaria halitazami.

Hapo huwa naishia, nashangiliwa. Ila kuna kipande nakiruka. Pazia zilipopanda, kitu kiliingia mbio kutoka mvuani, chepesi, kinanukia sabuni ya nguo za kanisani, kikaniita sikioni kwa sauti ya Shangazi, "Manu, mwambie mganga ni mimi." Ndicho Fuatino alichokichapa hadi kikatoka kinalia. Nami nilinyamaza, maana yule wa mkekani alikuwa amenishika mkono, na alikuwa anaubana.