Dobi Asiyeliona Jua

"Niambie ukweli. Umepata mwingine?"

Dobi alikuwa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Tangu asubuhi alijaribu kuvaa aende bustanini kuonana na mchumba wake, Mpaka Rangi, na nyonga zilimuuma kama zimepigwa nyundo.

"Hakuna mwingine."

"Juzi ulisema usingizi. Kabla ya hapo, uchovu. Nimekaa kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa. Kama hunitaki, sema!"

Angesemaje? Kwamba ngazi zinamtoa machozi kama bibi kizee? Na msimamizi wa kazini akisikia anaumwa, si atarudishwa kwao? Akakata simu, akaandika: "Tafuta mwenye miguu mizima. Mimi niache."

Mpishi, dada mmoja waliyepanga naye chumba, alikuwa amesikia yote.

"Mdogo wangu, mapenzi huuma moyoni, hayaumi nyongani. Kesho tunakwenda kwa daktari."

Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya taratibu. Vipimo vilipotoka alimuuliza:

"Unafanya kazi wapi?"

"Hotelini. Nafua na kunyoosha mashuka, chumba cha chini ya jengo."

"Kina madirisha?"

"Hakina."

"Jua unaliona saa ngapi?"

Dobi akazihesabu saa zake. Huingia kazini kabla hakujapambazuka, hutoka taa za barabarani zimeshawaka. Siku ya mapumziko hulala. Jua alilolikumbuka vizuri lilikuwa la kwao, akiwa amekaa mlangoni kwa mama yake anasukwa, mgongo una joto, macho yanasinzia.

"Sikumbuki, daktari."

"Vitamini D yako imeshuka mno, mwanangu. Mwili huitengeneza jua likigusa ngozi, na ngozi nyeusi kama yetu hulihitaji zaidi. Mifupa yako imelainika. Utameza dawa, na mchana utoke nje. Utapona."

Utapona! Dobi akalia palepale, na Mpishi naye akalia, halafu akatoka nje kupiga simu.

Siku iliyofuata, katikati ya mvuke wa mashine, Dobi aliona mtu anakuja. Alidhani anaota. Nyusi za mtu huyo zilikuwa na madoa meupe ya rangi.

"Nani kakuruhusu huku?"

"Hakuna. Mpishi kaniambia yote. Mbona ulinificha?"

"Niliogopa utaniona nimezeeka."

"Mimi nashinda ukutani nalitukana jua linavyonichoma, kumbe mwenzangu hana hata chembe! Haya, panda mgongoni."

"Una wazimu? Watu wanatuona!"

"Waone. Wakichoka watafumba macho."

Mlangoni alisimama msimamizi, mikono kiunoni. Dobi, tayari mgongoni, akaficha uso.

"Kwani anaumwa nini huyu?"

"Mifupa, bosi," Mpaka Rangi akajibu. "Daktari anasema amekosa jua."

Msimamizi alimtazama Dobi, kisha taa za darini, kisha magoti yake mwenyewe.

"Huyo daktari," akauliza polepole, "anapatikana wapi? Mlango wa paa uko wazi. Saa ya chakula ni yenu."

Wakapanda, Dobi kashika shingo ya mwanamume wake. Huko juu jua lilimwangukia usoni, akafumba macho na kuona wekundu mtupu, laini, kama yumo ndani ya ua la waridi. Mpaka Rangi akamvua viatu.

Ikawa ndiyo desturi yao kila mchana. Dawa nazo zikafanya kazi yake. Siku moja Mpaka Rangi alishuka kumchukua, hakumkuta. Akapanda mbio, akamkuta amekaa paani, kanga begani.

"Nani kakubeba?"

"Miguu yangu."

"Basi mimi kazi sina tena."

"Unayo. Mama yuko kwenye simu. Mwambie unachokitaka."

Akapokea simu. "Shikamoo, mama. Mimi ni… naomba… yaani binti yako…"

Kicheko kikavuka kutoka mbali.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Mgongo wako haujambo?"