Kabla Mwano Haujapigwa

Kila jioni, jua likianza kuzama nyuma ya mawe ya Kasoli, Minza alikuwa na kazi yake: kuwaingiza ndama wanne wa baba kwenye zizi lao dogo, kisha kuburuta tawi la mgunga lenye miiba na kuziba mlango. Ni kazi ya dakika mbili. Alikuwa akiifanya tangu darasa la tatu, na sasa alikuwa la sita.

Jumamosi ile ndama waliingia vizuri. Ila kabla Minza hajalishika tawi, pikipiki iliunguruma njiani, na juu yake alikaa Shangazi Generoza, dada wa baba yake, sajini wa jeshi aliyekuwa Kongo mwaka mzima akilinda amani. Minza alikuwa ameshawatangazia wasichana wote wa darasani kwamba shangazi yake ana bunduki ndefu kuliko mlango. Alipoiona ile bereti ya buluu, hakujizuia tena. Alikimbia akamrukia shingoni, na tawi likabaki chini.

Asubuhi zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe walilia wakiwaita watoto wao.

"Minza!" aliita Mayunga, baba yake, ndoo ya kukamulia ikiwa mkononi. "Jana ulifunga zizi?"

"Nilifunga, baba," alijibu haraka. Ulimi una haraka sana mtu anapoogopa.

"Basi kuna mtu amefungua." Mayunga aligeukia ng'ambo ya bonde, kwa jirani yake Onesmo Maige. Wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu walipogombania mpaka wa shamba la pamba. "Nani mwingine kama si Maige? Napiga mwano sasa hivi."

Kwa Wasukuma, mwano ni ukelele wa hatari. Ukisikika, kila mwanamume huacha alichoshika na kukimbia na fimbo yake. Ni jambo jema sana, endapo huyo mwizi ni mwizi kweli.

"Kaka," alisema Generoza akimshika mkono, "ukipiga mwano watakuja vijana hamsini, na hakuna hata mmoja atakayeuliza swali. Nipe muda kidogo. Uji uko jikoni. Ukiiva kabla sijarudi, piga."

"Wewe mwanajeshi mzima, unaniambia nisubiri uji?"

"Ndiyo, kaka."

Mayunga aliguna, akakaa. Dorkasi, mama yake Minza, alikuwa amesikia yote. Alichomoa kuni mbili jikoni.

Generoza alibeba dumu la maji, Minza akamfuata nyuma.

"Shangazi, hubebi bunduki?"

"Bunduki ni ya jeshi, imebaki kazini. Hata kule Kongo, asubuhi nyingi nilibeba dumu kama hili. Akina mama wa kule walikuwa wanawaogopa askari wanaume. Lakini mimi nilipanga nao foleni ya maji, tukazoeana. Ndipo wananiambia, mtoto wa fulani amepotea, vijana wa ng'ambo wamekasirika, wahini. Nasi tunawahi kabla watu hawajaumizana."

Kwenye pampu walikuwapo wanawake saba au wanane, na leo hakuna aliyecheka. Generoza hakuuliza habari ya ndama. Alimwamkia bibi mmoja, "Mwangaluka, mayu," akamjazia ndoo yake. Kisha akamsaidia Esteria, mke wa Maige, ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Kando yake alisimama binti yake Rhoda, anayekaa dawati moja na Minza. Rhoda hakumtazama rafiki yake.

"Nyumbani kwako ni salama, dada?" Generoza aliuliza taratibu, akiendelea kupampu.

Esteria alipumua kwa nguvu. "Si salama. Ndama wenu wako zizini kwetu. Wamekula marando yote ya viazi niliyoyamwagilia bondeni kiangazi kizima. Mbegu ya viazi ya mwaka huu imekwisha. Maige anasema kaka yako amewaachia makusudi. Ameshawapigia simu wadogo zake wa Zagayu waje na fimbo."

Minza aliona yote kwa mara moja. Uji utaiva. Baba atapiga mwano. Watu watawakuta ndama kwa Maige, watamwita mwizi, na wakati huohuo wadogo zake watakuwa wanafika.

"Mama, watapigana?" Rhoda aliuliza.

Hapo Minza alishindwa kuvumilia.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Sikufunga zizi. Nilimkimbilia shangazi, halafu nikamdanganya baba. Hakuna aliyewaachia makusudi."

Generoza alimfuta machozi kwa kanga yake.

"Sasa, ng'wana wane, mwanangu, utamwambia baba yake Rhoda, kisha baba yako. Mimi nitasimama karibu yako. Lakini kusema, utasema mwenyewe."

Kwa Maige walikwenda wote wanne. Minza alisema huku akitazama vidole vya miguu yake. Maige alimsikiliza hadi mwisho, akatoa simu. "Rudini," aliwaambia wadogo zake. "Ni mambo ya watoto."

Nyumbani walimkuta Mayunga amesimama, akilalamika kwamba uji wa leo una nini hata hauivi. Dorkasi alikuwa akikoroga tu.

"Baba," Minza alisema, "nilikudanganya." Akaeleza.

Mayunga alikaa tena kwenye kigoda. Minza alingoja fimbo. Badala yake, baba aliweka mkono kichwani pake.

"Kidogo nimpigie mwano jirani yangu," alisema, "kwa sababu ya tawi. Na mimi sikumuuliza hata neno moja."

Mchana alikwenda mwenyewe kwa Maige, mabegani amebeba mzigo wa marando kutoka bonde lake. Wanaume walisalimiana kwanza kwa aibu, kisha kwa kicheko, na ndama wakafunguliwa warudi nyumbani. Minza aliyapanda marando yale tuta kwa tuta hadi kiuno kikamuuma. Rhoda hakuwa na kosa lolote, lakini alikuja akapanda naye.

Jioni Minza alimkuta shangazi akipiga pasi sare zake.

"Shangazi, huko Kongo, watu walisema 'ni mimi'?"

Generoza aliweka pasi kando. "Kuna siku mtu alisema, tukalala vizuri. Kuna siku kila mtu alinyamaza, na kesho yake tulizika." Alimvuta karibu. "Kosa dogo likifichwa, wakubwa hulipigania wasijue wanapigania nini. Sisi askari tunaweza kusikiliza na kusuluhisha, lakini lazima apatikane wa kusema ukweli. Leo alipatikana, na ni wewe. Ninajivunia wewe kuliko bereti hii."

Nje ndama walianza kulia. Minza alitoka mbio, akaliburuta tawi la mgunga, akaziba mlango. Kisha akarudi tena kuhakikisha.