Majani Marefu ya Keshero

— Fungua macho sasa! Fungua, chérie!

Charline akafungua. Ziwa Kivu lilikuwa hapo chini, bluu tupu, karibu kama mutu anaweza kutupa jiwe likaanguka ndani. Mbele yake nyumba ya mbao juu ya msingi wa simenti, vyumba viwili, paa la manjanja mapya, na baraza inayoangalia maji. Akapiga kelele mpaka motari aliyewaleta na pikipiki yake akageuka.

— Kambere! Njo hapa? Ndiyo hapa tutaishi?

— Ukikubali. Bado hatujasaini. Evariste atatuachia ufunguo mpaka siku ya kwanza, Jumatatu.

— Nikikubali? Weye unauliza samaki kama anataka maji?

Kambere alicheka. Alikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa Butembo, miaka mitatu tu hapa Goma, na milango mingi ya chuma ya Katindo ilitoka kwenye mikono yake. Charline alikuwa anashona nguo Katindo hapo hapo. Siku ya posho, Jumamosi ya juma lile, Kambere angepeleka mahari, mbuzi kumi na mbili. Kilichobaki ni mahali pa kulala mutu na bibi yake. Walikuwa na njia mbili tu: parsele, kiwanja cha mawe chenye kanyumba, kule Kibati, ama hii nyumba ya Keshero, kando ya ziwa. Na bei ilikuwa moja!

— Kibati tungevunja mawe miaka miwili kwanza, mbele ya kupanda hata lengalenga, Charline akasema. Na maji? Bidoni kichwani, kila siku, mpaka shingo inaingia ndani. Hapa ninateremka tu na ndoo!

— Na mimi kutoka Kibati mpaka kazini, pikipiki itakula mushahara wote.

— Basi tunaongea nini tena?

Evariste alisimama kwenye mulango wa parsele, anazungusha ufunguo kwenye kidole. Alikuwa rafiki ya Kambere, na kazi yake ni komisioneri, mutu wa kutafutia watu nyumba. Mutoto wa Keshero, kazaliwa hapo.

— Bibi-arusi, usilale. Kuko mama mumoja wa Himbi anaitaka. Jana amepiga simu mara tatu.

— Mbona bei iko chini hivi, shemeji?

— Mwenyewe anahamia Kinshasa, ana haraka. Mungu akikupatia, unamuomba facture ya bei?

Wakacheka wote. Charline akateremka hatua mbili kutoka barazani. Kiwanja kilishuka kidogo kidogo mpaka kwenye kabonde, kama sahani, halafu kikapanda tena kwenye mawe ya ziwa. Ndani ya kale kabonde majani yalikuwa yamesimama mpaka kiunoni, kijani kibichi, hata mutu mumoja hajayagusa. Moyo wake ukaruka. Pale! Pale atasimama na robe nyeupe ya arusi wapige picha!

Kwenye njia ya nje akapita mama muzee, fungu la majani kichwani, jasho linamutiririka. Jirani, jina lake Nyiramahirwe.

— Jambo, mama! Majani yote hayo unayatoa wapi?

— Mbali, mwanangu. Kule juu. Ni ya sungura zangu.

— Na haya ya hapa? Ingia ukate, mama, usione haya!

Mama akaangalia kabonde. Halafu akamuangalia Evariste.

— Ya hapa sikataki.

— Huyu aligombana na mwenye nyumba, Evariste akadakia haraka. Usimusikilize.

Mama Nyiramahirwe akashika fungu lake vizuri, akaenda. Charline alimusahau mbele hajafika kwenye kona.

Jioni ile aliingia nyumbani kwao Katindo anacheza. Mama yake, mama Henriette, mujane, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

— Mama! Tumepata nyumba! Keshero, kando ya ziwa!

— Kando ya ziwa, kwa feza za soudeur?

— Kwa bei ya Kibati, mama! Bei ile ile!

Mutwangio ukasimama.

— Mwanangu, samaki wa bei ya chini, unanusa kwanza.

— Mama nawe! Watu wengine wakipata, wamama zao wanapiga vigelegele. Weye unanusa.

— Ninanusa kwa sababu pua yangu ndiyo ya zamani hapa. Mumeuliza majirani?

— Tumesalimia mumoja.

— Kusalimia si kuuliza. Kiwanja kiko sawa? Hakina bonde?

Charline alijua wazee hawapendi bonde. Alifikiri ni mambo ya maji ya mvua. Akaona ile baraza, ziwa, robe nyeupe. Akaona mama yake anaharibu yote kwa neno moja.

— Kiko sawa, mama. Sawa kama meza.

Uongo mudogo, punje ya mutama. Mabinti, punje kama hizo tumezimeza sisi wote tulipopenda. Hatudanganyi juu ya muchumba tu, tunadanganya hata juu ya kiwanja chake.

Siku ya tano, Ijumaa mangaribi, telefone ya Charline ikalia mesaji ya Kambere.

"Chérie mbuzi wamefika!! Wote 12. Wamepiga kelele njiani kuliko mashangazi zako."

"Utawaweka wapi? Chumba chako hakina hata kiwanja."

"Nimewaleta Keshero. Nimewafunga kwenye yale majani yetu. Wanakula kama wameitwa karamu. Nitalala nyumbani KWETU niwachunge."

"Nyumbani wapi? Rudia."

"Nyumbani kwetu nyumbani kwetu nyumbani kwetu."

Charline alilala na ile telefone shavuni.

Asubuhi ya siku ya posho, jua halijatoka bado, parsele ya mama Henriette ilikuwa imejaa. Mashangazi walichagua muchele, moshi unawaliza, mizaha haiishi. Charline alikaa chini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Akawasomea ile mesaji ya mbuzi kwa sauti. Mashangazi wakacheka mpaka muchele ukamwagika.

Mama Henriette peke yake hakucheka.

— Majani gani hayo ya kushibisha mbuzi kumi na mbili?

— Marefu, mama! Yanafika hapa, kiunoni.

— Keshero?

— Keshero.

— Goma hii, majani ya kando ya barabara yanakatwa mbele hayajainua kichwa. Kila nyumba ina mbuzi, kila nyumba ina sungura. Na hayo yanafika kiunoni, hakuna mutu anayeyakata?

Charline akakumbuka fungu la majani kichwani kwa mama muzee. "Ya hapa sikataki." Telefone akaiweka chini.

— Charline. Kile kiwanja kiko sawa kama meza?

Hata mashangazi waliacha muchele.

— Kuko… kuko kabonde kadogo, mama. Kama sahani.

— Mazuku! mama akalia. Yesu wangu, mazuku!

Katindo wanalisikia tu hilo jina, kama mutu anavyosikia ugonjwa wa jirani. Ni hewa mbaya inayotoka ndani ya udongo. Haina harufu, haina rangi. Inalala kwenye mashimo, na asubuhi, jua halijatoka, ndiyo inakuwa nzito. Kuku akishuka mule harudi. Mbuzi harudi. Mutu akishuka kuwatoa, naye anabaki. Kijana wa Butembo angejulia wapi?

Charline akapiga simu. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Mara ya sita alikuwa tayari barabarani, nusu ya nywele imesimama, kikwembe cha sherehe mwilini, viatu hana.

— Keshero! Mbio!

— Dada, motari akasema akimuangalia kichwa, bwana amekimbia?

— Endesha, ama nitaendesha mimi!

Alifika, akaruka pikipiki haijasimama. Mulango wa parsele ulikuwa wazi. Kule kabondeni majani yalikuwa yamelazwa, na mbuzi wamelala juu yake, miguu imenyooka. Mumoja tu alikuwa bado anarusha miguu. Na Kambere, mutu wake, muzima kabisa, macho yamejaa usingizi, alikuwa ametoka barazani na kisu mukononi, anateremka mbio kwenda kukata kamba.

— Kambereee! Simama!

— Charline? Mbuzi wana ugonjwa! Huyu bado anapumua!

— Usishuke! Ni mazuku!

— Mazuku ni nini? Ni mahari yako ile inakufa!

Akapiga hatua nyingine. Charline alikuwa mbali, miguu yake haingemufikia. Sauti tu ndiyo ingefika.

— Kambere! Ukishuka hatua moja tena, mimi siolewi na weye! Nasema mbele ya Mungu! Mahari ni yangu, na mimi nimeisamehe! Rudi!

Kambere akasimama, muguu mumoja juu. Akaangalia mbuzi. Akaangalia binti aliyesukwa nusu kichwa, analia kwenye mulango. Kisha akarudi, hatua kwa hatua, kinyumenyume, akapanda mpaka barazani. Yule mbuzi wa mwisho akatulia.

Mama Nyiramahirwe alikuwa amesikia kelele. Akaja na kiberiti.

— Washa, kijana. Inama hapo kwenye ukingo, usiende mbele. Shusha mukono.

Kambere akawasha, akashusha. Mukono ulipofika usawa wa goti, moto ukazimika. Akawasha tena. Ukazimika pale pale, kama mutu amefinya utambi. Kijiti cha tatu kilimuanguka mukononi.

— Mama, Charline akauliza, mbona ile siku hukusema?

— Nilisema nusu, mwanangu. Evariste alikuwa ananiangalia, nikaogopa ugomvi. Nusu ile ingewaua. Munisamehe.

Kambere akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

— Evariste. Uliyajua haya mazuku?

— Mon frère… kila mutu wa Keshero anajua. Munapanda uzio tu, hamushuki, maisha yanaendelea.

— Mbona hukuniambia?

— Ningekuambia, ungenunua?

Charline akamunyang'anya telefone.

— Shemeji, pale ulipotuonyesha, mimi ningeanika nepi za mutoto. Ufunguo wako tunauacha kwa mama Nyiramahirwe. Na kwenye ndoa yangu, usikanyage!

Saa nane muchana, bakwe wa upande wa Kambere wakafika Katindo. Kambere alivaa koti lake jeusi, na kwenye mukono wake zilining'inia kamba za mbuzi kumi na mbili, tupu, alizozivuta kwa chuma kirefu bila kushuka kabondeni. Wazee walikuwa wamekaa. Baba mukubwa wa Charline, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti, aliziangalia zile kamba muda murefu.

— Kijana, mbuzi wako wapi?

— Wamekufa, muzee. Leo asubuhi. Niliwaweka kwenye nyumba niliyotaka kumuleta Charline. Sikuuliza. Sikutaka kuja na uongo, nimekuja na kamba.

— Kamba haziliwi.

Baba mukubwa akashika fimbo ainuke aende zake. Charline, ndani nyuma ya pazia, aliuma kikwembe chake. Saa ile mama Henriette akatoka jikoni, sombe kwenye mikono, akapiga magoti katikati ya wanaume.

— Muzee, naomba neno moja.

— Mwanamuke hasemi hapa.

— Leo nitasema, halafu munipige faini. Pale mbuzi walipolala, njo pale mwanangu angelala. Na watoto wake, wajukuu zako, wangecheza pale. Wale mbuzi wamemutangulia. Na huyu kijana aliona mahari yote inakufa, mwanangu akamuita, akarudi. Muzee, weye umeona wanaume wangapi wanaitwa na mwanamuke wakarudi?

Mashangazi wakasema "eeeh!" kwa pamoja. Muzee akatafuna midomo. Akainuka. Akaenda mpaka kwa Kambere, akazitoa zile kamba moja moja mukononi mwake, mpaka kumi na mbili, akazitundika kwenye musumari wa ukuta.

— Zimefika, akasema. Mahari imefika!

Vigelegele vikapasua manjanja! Charline akatoka mbio, nusu ya kichwa bado haijasukwa, hakuna aliyekumbuka.

— Na mutalala wapi sasa? mama Henriette akauliza, machozi na kicheko pamoja.

— Kibati, mama.

— Kiwanja kiko sawa?

Charline akamushika mikono, ile yenye sombe.

— Hapana, mama. Ni mawe kila pahali. Maji ni mbali, choo bado kuchimba, na Nyiragongo, ule mulima wa moto, unatukodolea macho nyuma. Lakini leo tulipotoka Keshero tulipita kule, tukauliza majirani wanne, na mbuzi wao wanakula mpaka kwenye mulango wetu.

— Aah, mama yake akasema. Sasa ndiyo umeniambia nyumba.

Mabinti munaosoma haya kwenye telefone zenu: anayekuuzia atakuonyesha ziwa. Weye angalia majani, uliza kwa nini yako marefu. Halafu rudi nyumbani, umwambie mama yako yote, hata kabonde.