Picha ya Jicho la Bisharo

Kila Jumamosi asubuhi, Bisharo na rafiki yake Gakii walitoka mtaa wa Chechelesi kwenda sokoni Isiolo kununua maziwa ya ngamia. Siku moja walikuta hema jeupe kando ya akina mama wauza maziwa. Watu walikuwa wamepanga foleni.

"Wanatoa bando za intaneti za bure," mwanamke mmoja aliwaambia. "Unaangalia kamera tu, basi."

"Mimi siingii," Gakii alisema. "Mama hajui."

Bisharo alimwachia dumu la maziwa akaingia. Ndani alikuwamo kijana mpole aliyeitwa Kuno. Alimwambia aweke kidevu mbele ya kamera na asipepese macho. Mwanga ukamulika, kisha skrini kubwa ikajaa picha.

Bisharo alikodoa macho. Aliona kama nchi asiyoijua: mabonde ya rangi ya kahawia, nyuzi nyembamba kama mito iliyokauka, zote zikiteremka kuelekea shimo jeusi katikati.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

"Ni jicho lako," Kuno alijibu. "Hakuna mwingine duniani mwenye jicho kama hili. Hata mapacha hawafanani. Hata jicho lako lile lingine halifanani nalo."

Bisharo alilitazama jicho lake. Kuno akamuuliza umri.

"Miaka kumi na miwili."

"Nitaandika kumi na minane, ndipo mashine ikubali. Nipe namba ya simu ya kutumia bando."

Bisharo alitaja namba ya mama yake.

Alipoagana na Gakii na kufika nyumbani, mama yake, Mwalimu Maryan, alikuwa ameishika simu. "Naambiwa jicho limesajiliwa," alisema. "Jicho la nani?"

Bisharo alitamani kusema hajui. Lakini uso wa mama yake ulikuwa umejaa wasiwasi, si hasira, basi akaeleza yote, hata habari ya umri.

"Na sasa hiyo picha iko wapi?"

"Kwenye kompyuta yao, Hooyo," alimjibu, akimwita mama kwa Kisomali.

"Halafu itakwenda wapi?"

"Hawakuniambia," Bisharo alisema. Mama yake alijifunga shungi, wakarudi sokoni pamoja.

"Salaam aleikum," Maryan alimsalimu Kuno. "Umepiga picha jicho la binti yangu. Itawekwa wapi?"

"Kwa kampuni, mama. Iko ng'ambo."

"Huko nani ataiona?"

Kuno aliinamisha kichwa. "Mimi nimeajiriwa tu. Hilo sikuambiwa."

"Sheria yetu inataka ruhusa ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Mimi hukuniuliza. Na umri wake umeandika uongo. Tunaomba uifute."

Watu kwenye foleni walikuwa wakisikiliza. Kuno alimpigia simu mkubwa wake, wakazungumza, naye akakubali. Kisha akaifungua picha ili aifute, na jicho likajaa tena kwenye skrini.

Maryan alisogea karibu. Aliweka mkono kifuani. "Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii natazamana nalo, kumbe sijaliona."

"Ni zuri, sivyo?" Kuno alisema.

"Ni zuri mno. Ndiyo sababu silitaki mikononi mwa mtu nisiyemjua. Futa."

Skrini ikawa nyeupe. Simu ya Maryan ikapokea ujumbe kwamba usajili umefutwa. Kuno, kwa aibu, aliwaambia watoto waliokuwa kwenye foleni waende nyumbani.

Njiani Bisharo aliuliza, "Hooyo, wangeifanyia nini?"

"Pengine wasingeifanyia lolote. Pengine siku moja wangekutambua popote uendako, nawe hujui wala hukukubali. Mtu akiiba neno lako la siri, unaweka jingine. Je, jicho utaweka lipi?" Alimshika mkono. "Anayetaka kujua habari zako, muulize kwanza anazitakia nini na anazipeleka wapi. Asipoweza kukujibu, wewe una haki ya kumwambia hapana, hata kama zawadi yake ni tamu. Na ukiwa umekosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Hapo bado kuna la kufanya."